Idara tatu, majibu matatu: nani ana hesabu ya kweli ya seva zetu?

Mtunza Rejista (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi. Leo nimeona niliweke hapa, kwa sababu najua humu wamo wanaoamshwa saa nane usiku mfumo ukilala, wamo wakaguzi, na wamo waliokabidhiwa rejista ya vifaa juzi tu bila kuelekezwa.

Zamani kidogo nilifanya kazi kwenye taasisi kubwa. Kwenye kikao mkubwa mmoja akauliza swali jepesi: tuna seva ngapi zinazotumia mfumo endeshi ambao mtengenezaji ameshaacha kuutolea viraka (marekebisho ya kuziba matundu ya usalama), na ni huduma zipi zinazozitegemea? Alitaka jibu kabla ya wiki kwisha. Yakaja majibu matatu, na yalipishana kwa mbali.

Hakuna aliyedanganya. Uhasibu walihesabu seva zilizonunuliwa na bado hazijafutwa vitabuni. Watu wa mtandao walihesabu kila anwani iliyoitika walipoibishia hodi. Watu wa usalama walihesabu mashine zenye programu yao ya ulinzi. Seva moja ya chuma inayobeba seva pepe ishirini (seva za programu tu zinazoishi ndani yake) ni moja kwa mhasibu, ni ishirini na moja kwa mtu wa mtandao, na kwa mtu wa usalama ni zile tu alizofanikiwa kuzifikia. Kila orodha ilikuwa sahihi kwa swali la aliyeitengeneza. Tuliharibu tulipozichukua kujibu swali la mtu mwingine.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Taasisi kubwa daftari zinalo, tena yapo mengi, na yanagombana. Hoja yangu kwenye uzi huu ni moja: taarifa ya TEHAMA huaminika pale anayeisoma anapoona inamilikiwa na nani, imetoka wapi, na mara ya mwisho kulinganishwa na hali halisi ilikuwa lini. Vitu hivyo vitatu vikikosekana, hata mfumo wa bei kubwa kiasi gani unahifadhi uvumi.

Mfano ninaourudia kila mara ni Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo ya watu. Machi 2017 tundu kubwa la usalama lilitangazwa kwenye Apache Struts, programu ya kujengea mifumo ya tovuti, na kiraka chake kikatoka. Tarehe 9 Machi Equifax walisambaza barua pepe ndani ya kampuni wakiagiza kiraka kiwekwe. Uchunguzi wa serikali uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba orodha ya waliotumiwa barua hiyo ilikuwa imepitwa na wakati, na waliohusika na mfumo wenye tundu hawakuipata. Wakaendesha skana, programu ya kutafuta matundu kwenye mashine, nayo haikuliona tundu. Wadukuzi walikuwa ndani kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, na kifaa cha kukagua mawasiliano yaliyosimbwa hakikuona kitu kwa sababu cheti chake cha usalama kilikuwa kimekwisha muda miezi mingi kabla. Cheti kilipohuishwa ndipo wakaona kinachoendelea. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimeshaguswa.

Tundu lilijulikana, kiraka kilikuwepo, agizo lilitoka. Lakini orodha ya barua pepe nayo ni taarifa ya TEHAMA, na tarehe ya kuisha kwa cheti nayo ni taarifa ya TEHAMA. Zote zinahitaji mwenyewe, kama seva inavyohitaji.

Karibuni tujadili. Nataka hasa kusikia waliofanikiwa na walichokifanya.

---

Fundi wa Zamu

Mkuu, umenigusa penyewe. Kwetu walinunua mfumo wa kutunza usanidi, ile CMDB (hifadhidata ya vifaa na jinsi vinavyoshikamana), wakaleta washauri, watu wakajaza rejista wiki kadhaa bila kupumzika. Siku ya uzinduzi ilikuwa inapendeza. Haikupita hata nusu mwaka, sisi wa zamu tukarudi kwenye jedwali letu la Excel, maana ukifungua rekodi ya seva ili umtafute mhusika unakuta jina la mtu aliyeshaacha kazi.

Sasa swali langu: ni mfumo gani unaoufaa mzigo huu? Kuna mtu ametumia kitu kikadumu?

---

Mtunza Rejista

Fundi, nikitaja mfumo nitakuwa nimekupotosha, kwa hiyo niruhusu nizunguke kidogo.

Wazo la hifadhidata ya usanidi ni la siku nyingi. Lilienea kupitia ITIL, miongozo ya kuendesha huduma za TEHAMA iliyoanza kuandikwa na wakala wa serikali ya Uingereza miaka ya 1980. Wazo lenyewe ni zuri: jua ulicho nacho na jinsi kinavyoshikamana. Linapoharibikia ni pale watu wanapoamua kuandika kila kitu. Seva moja inapewa sehemu sitini za kujaza, mpaka rangi ya kabati na namba ya tundu la umeme. Kila sehemu uliyoongeza ni deni, maana kuna mtu atapaswa kuihakiki maisha yake yote. Ukiniuliza, sehemu ambayo hakuna anayeitumia kuamua lolote ifutwe. Nimewahi kufuta zaidi ya nusu ya sehemu za rejista, na aliyekuja kuulizia alikuwa mtu mmoja tu, tukamrudishia yake.

Zinazobaki, kila rekodi iwe na haya. Mwenyewe, na awe cheo au timu, kamwe si jina la mtu, kwa sababu watu huhama. Chanzo: imeandikwa na skana, imetoka kwenye ankara, au mtu ameingiza kwa mkono. Namna ilivyohakikiwa. Na tarehe ya kuhakikiwa.

Hapo kwenye tarehe naomba tusimame, kwa sababu ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Mifumo mingi inakuonyesha lini rekodi *ilibadilishwa*. Hiyo ni tarehe nyingine kabisa. Kwenye taasisi ile niliyoitaja kulikuwa na programu ndogo iliyokuwa ikipita kila usiku na kuandika upya rekodi zote, hata zile ambazo hakuna kilichobadilika. Asubuhi kila rekodi inaonekana mbichi, ya jana. Tuliwahi kumpelekea mkaguzi orodha ya namna hiyo kwa moyo safi kabisa, tukiamini ni ya jana, kumbe baadhi ya seva zilishatolewa kwenye kabati mwaka mmoja nyuma. Tangu hapo nataka kuona tarehe mbili zimeandikwa kando kwa kando: iliandikwa lini, na ilitazamwa lini.

---

Skana Kwanza

Kwa heshima, mkuu, mimi nakupinga kidogo. Chanzo cha matatizo yote haya ni binadamu kuandika kwa mkono. Weka skana, weka programu ya uangalizi kwenye kila mashine, chota taarifa moja kwa moja kutoka kwenye huduma za wingu, basi. Mashine hazisahau.

---

Fundi wa Zamu

Skana Kwanza, nakubaliana nawe kwa kiasi kikubwa, lakini usisahau skana ya Equifax iliendeshwa na haikuona. Skana haikuambii ilichoshindwa kukifikia.

Tena kuna kisa cha GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, na wenyewe walikiandika hadharani kwa uwazi wa kupigiwa mfano. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta data akidhani yuko kwenye seva ya pili ya hifadhidata, kumbe yuko kwenye kuu. Zikaondoka takriban gigabaiti 300. Walipokimbilia bakapu (nakala za akiba) wakakuta za kila siku hazipo kabisa. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa inatumia toleo la PostgreSQL, programu ya kuendeshea hifadhidata, lisiloendana na lile la hifadhidata, ikawa inashindwa kila siku. Barua pepe za kutangaza kushindwa huko zilikuwa zinatumwa, ila zilikataliwa njiani kwa sababu hazikuwa na uthibitisho sahihi wa mtumaji. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa kama sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Mashine haikusahau kitu. Ilisema kila siku na hakuna aliyesikia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangu nisome kisa kile, hapa kwetu kila bakapu lazima itume ujumbe wa *kufaulu*, na king'ora kinalia pale ujumbe huo usipofika.

---

Skana Kwanza

Hiyo ya king'ora kulia kwa kukosekana ujumbe naichukua. Sikuwahi kuifikiria kwa upande huo.

---

Dada wa Ukaguzi

Niingie na mimi, nimekagua mifumo kwa miaka kadhaa na naona kitu kimoja hakijasemwa.

Kuhakiki rejista kuna njia mbili na watu wengi hufanya moja tu. Ya kwanza: chukua rekodi chache kwenye rejista, nenda kwenye chumba cha seva au kwenye akaunti ya wingu, utafute kama kweli vitu hivyo vipo. Hiyo itakukamatisha mizuka, yaani vitu vilivyoandikwa ambavyo havipo. Ya pili: simama mbele ya kabati la seva, shika chochote mkono unachogusa, kisha rudi kwenye rejista uone kama kimeandikwa. Hiyo itakupa vile vinavyofanya kazi bila kujulikana, na hivyo ndivyo vinavyonipa wasiwasi. Mzuka unakupotezea fedha ya leseni. Kisichojulikana hakiwekewi kiraka, hakina bakapu, na hakuna anayejua nywila yake iko kwa nani.

Si lazima iwe zoezi kubwa la mwisho wa mwaka. Vitu vichache kila wiki, vinavyochaguliwa kwa bahati nasibu, vinatosha kukupa picha. Matokeo yabandikwe pale pale juu ya rejista: kati ya tulivyovitazama mwezi huu, vingapi vilikuwa sahihi. Anayekuja kusoma aone kiwango cha makosa kabla hajaona orodha.

Na nendeni uhasibuni, jamani. Watu wa TEHAMA huidharau ankara. Mimi nimegundua huduma nyingi za wingu kwa kusoma malipo kuliko kwa skana yoyote. Idara inajisajili huduma, inalipa kidogo kidogo kila mwezi, inaweka humo majina ya wateja, na kitengo cha TEHAMA hakina habari. Skana haiwezi kuona kitu kilicho kwenye seva za watu wengine, lakini malipo lazima yapite mahali.

---

Mtunza Rejista

Dada, shukrani sana. Hiyo ya kubandika kiwango cha makosa juu ya rejista ndiyo hasa niliyokuwa naitafutia maneno. Wakubwa wengi hudhani ukiwaonyesha makosa wataacha kukuamini. Nimeona kinyume chake: wakishajua unawaambia palipo na shaka, wanaamini pale uliposema pana uhakika.

---

Mpeleka Habari

Wakuu, nimefuatilia kimya kimya. Tumezungumza sana kutunza, kufikisha tumekugusa kidogo tu. Kazi yangu ni kuandaa taarifa za TEHAMA zinazokwenda kwa wakurugenzi, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, tarehe 1 Agosti 2012. Walikuwa na seva nane za kutuma oda za hisa. Programu mpya iliwekwa kwenye saba, ya nane ikasahaulika, na hapakuwa na utaratibu wa mtu wa pili kuhakikisha kwamba zote nane ziko sawa. Soko lilipofunguliwa, ile ya nane ikaamsha kipande cha zamani cha programu ambacho hakikuwa kikitumika tena. Ndani ya dakika 45 kampuni ilikuwa imepoteza zaidi ya dola milioni 400.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kilichotokea kabla ya hapo. Mdhibiti wa masoko ya mitaji alieleza kwamba asubuhi ile, kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulituma barua pepe 97 za ndani zikitaja hitilafu hiyo. Zilifika kwa watu. Hazikuwa zimeundwa kama tahadhari, na hakuna aliyezifanyia kazi. Ukihesabu kwa namna ya ofisi nyingi, utasema taarifa ilitolewa mara 97.

Kwa hiyo ninapoandaa taarifa yoyote najiuliza: huyu anayepokea anaweza kufanya nini nayo, na amebakiwa na muda gani? Kama jibu ni hakuna, nampelekea asiyehusika. Mkurugenzi hahitaji orodha ya matundu mia nane. Anahitaji kujua kwamba huduma ya malipo ya wateja inasimama juu ya mashine mbili zisizo na msaada wa mtengenezaji, kwamba kuzibadilisha kunataka huduma ifungwe usiku mmoja, na kwamba ni yeye mwenye mamlaka ya kuidhinisha usiku huo.

La pili ni namba ya chini, yaani jumla ambayo asilimia inahesabiwa kutoka kwake. Ukiniandikia "asilimia 98 ya seva zimewekewa viraka", nitakurudishia niulize: asilimia 98 ya zipi? Mara nyingi ni ya zile zinazojulikana, tena kati ya hizo ni zile zilizoitika. Desemba 2021, tundu la Log4j, maktaba (kipande cha programu kilicho tayari kutumiwa ndani ya programu nyingine), lilipotangazwa, ofisi nyingi ziligundua kwamba maktaba ile imefichwa ndani ya programu walizonunua kwa watu wengine. Haikuwa kwenye rejista kwa sababu hakuna aliyeinunua kwa jina lake. Siku zile sisi tulipeleka juu hesabu ya "tulizorekebisha" bila kusema kati ya ngapi, wakubwa wakatulia, na tulipoendelea kupata nyingine hesabu ikawa inaongezeka kila siku. Tukaonekana tunarudi nyuma wakati tulikuwa tunasonga mbele. Sasa kila asilimia ninayoandika inaandamana na sentensi moja: tumetazama wapi, na wapi bado.

---

Skana Kwanza

Mpeleka Habari, kwenye Log4j umesema kweli tupu. Ndiyo maana siku hizi tunamtaka muuzaji atupe orodha ya viambato vya programu yake, kila maktaba na toleo lake. Agizo la Rais wa Marekani la Mei 2021 kuhusu usalama wa mitandao lilizitaja orodha hizo kwa programu zinazouzwa kwa serikali yao, na wauzaji wakubwa wakaanza kuzizoea. Ombeni wakati wa kusaini mkataba. Ukishalipa, hakuna atakayekusikiliza.

---

Kijana Mpya

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miezi miwili kazini, nimekabidhiwa rejista ya mistari elfu kadhaa na bosi anataka "isafishwe". Nikisoma uzi huu naona mlima. Naanzia wapi?

---

Mtunza Rejista

Marahaba, kijana. Usianze kusafisha. Ukianza mstari wa kwanza kwenda wa mwisho, ukifika katikati ule wa kwanza umeshachakaa.

Chagua huduma moja, ile ambayo ikisimama taasisi nzima inasikia. Keti na watu wanaoiendesha, uwaulize imekaa juu ya nini: seva zipi, hifadhidata ipi, vyeti gani vinaisha lini, muuzaji gani, mkataba gani, anapigiwa nani usiku. Hakiki kwa macho yako, andika tarehe. Mistari mingine yote elfu kadhaa iwekee alama moja iliyo wazi: haijathibitishwa. Usiione aibu alama hiyo. Msomaji akiiona atauliza kabla hajaamua, na hilo peke yake ni faida kubwa. Ukimaliza huduma ya kwanza, nenda ya pili.

Kisha, na hili ndilo litakaloifanya rejista iendelee kuishi wewe ukiwa likizo, ifunge kwenye milango ambayo watu wanalazimika kuipita. Badiliko lisiidhinishwe bila namba ya rekodi. Njia isifunguliwe kwenye ukuta wa mtandao bila namba ya rekodi. Ankara ya leseni isilipwe bila namba ya rekodi. Mtu mwenye haraka akikuta rekodi yake ina kosa linalomzuia, atakuja kukusahihishia mwenyewe, tena siku hiyo hiyo. Rejista isiyomzuia mtu yeyote haina anayeisahihisha.

Na muombe bosi wako jambo moja kwa adabu: rejista isitumike kupimia watu. Niliona taasisi ambako wakuu wa idara walipewa alama kwa idadi ya seva zao zisizo na viraka. Haukupita muda seva zikaanza kuandikwa "imestaafishwa" huku zinafanya kazi. Ubao wa takwimu wa wakurugenzi ukawa kijani. Iliniuma sana, kwa sababu walioandika hivyo ni watu waaminifu waliobanwa. Anayeleta kosa kwenye rejista apokewe kwa asante, kila mara, hata kosa likiwa limekuaibisha wewe.

---

Fundi wa Zamu

Naongeza dogo kwa Kijana: nakala ya huduma hiyo ya kwanza, pamoja na namba za simu, ihifadhiwe mahali panapofunguka mtandao wenu ukiwa umekufa. Facebook walipozimika tarehe 4 Oktoba 2021, zana zao za ndani walizozoea kuzitumia kurekebisha hitilafu zilizimika nazo. Mimi nina karatasi iliyochapwa, inabadilishwa kila mwezi, ipo kwenye droo ya chumba cha zamu.

---

Kijana Mpya

Wakubwa, nimerudi baada ya wiki tatu. Nimefanya huduma ya kwanza kama mlivyoelekeza. Mwenyewe aliyeandikwa alishahamishwa idara, vyeti viwili havikuwa kwenye orodha yoyote. Halafu kwenye kabati nimekuta seva inayowaka taa, ina namba ya mali iliyofutwa vitabuni, na kila timu niliyoiuliza inasema si yake. Fundi mwenzangu anasema tuizime tuone nani atapiga kelele. Nifanyeje?

---

Mtunza Rejista

Hongera, kijana. Vyeti hivyo viwili peke yake vimelipa wiki zako tatu.

Seva hiyo usiizime kwanza. Mashine ya zamani ikizimwa huenda isiwake tena, na ukizima umepoteza nafasi ya kuiuliza. Ipe rekodi leo hii, mwenyewe "hajulikani", wewe ukiwa mlinzi wake wa muda. Chukua bakapu yake, na uijaribu kuirejesha. Waombe watu wa mtandao wakuonyeshe inazungumza na nani, na waangalie mpaka mwisho wa mwezi upite, kwa sababu kuna kazi zinazoamka mara moja tu wakati wa kufunga hesabu. Ukipata anwani zinazoiita, fuata hizo. Mara nyingi mwenyewe yuko upande wa pili wa waya.

Ikipita bila jibu, tangazeni tarehe, kisha mkate mtandao kwenye swichi huku mashine ikiendelea kuwaka. Kelele ikitokea mnarudisha kwa dakika moja. Iacheni hivyo mpaka mwisho wa robo mwaka. Dada wa Ukaguzi anaweza kukuambia kama kuna data humo ambayo sheria inataka itunzwe kabla diski haijafutwa.

---

Dada wa Ukaguzi

Kijana, nitumie ujumbe wa faragha ukieleza ni data ya aina gani, usiitaje hapa jukwaani. Na piga picha kibandiko cha namba ya mali kabla mtu hajakibandua.